Siku ya 2,440,933

Ukitoka Malindi kwenda kaskazini, ukaipita Mambrui, ukaipita Gongoni na mabwawa yake ya chumvi, njia ya mkono wa kulia itakufikisha Ngomeni, kijiji cha wavuvi kilichokaa kwenye rasi inayoingia Ghuba ya Ungwana. Simama ufukweni utazame baharini. Kule mbali, mahali ambapo jicho linatazamia kuona tanga, kuna majukwaa ya chuma yaliyosimama majini kwa miguu mirefu, kama korongo waliosahau kuruka.

Majukwaa hayo yaliletwa na Waitaliano katika miaka ya 1960. Aliyewaongoza ni Luigi Broglio, profesa wa Chuo Kikuu cha Roma na afisa wa jeshi la anga, na aliyachagua maji haya kwa sababu ya hesabu tu. Hapa ni chini ya digrii tatu kusini mwa ikweta, na ikweta ndipo dunia inapozunguka kwa kasi kuliko kwingine kote, hivyo roketi inayoelekezwa mashariki hupewa msukumo wa bure. Setilaiti ya kwanza, San Marco 2, iliruka kutoka hapo tarehe 26 Aprili 1967. Ya mwisho iliruka tarehe 25 Machi 1988. Kati ya siku hizo mbili, pamoja na hizo zenyewe, setilaiti tisa zilifika angani kutoka Ungwana.

Ninayoisimulia mimi ni ya pili. Ilirushwa Jumamosi, tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru. Ilikuwa ya Wamarekani, ikabebwa na roketi ya Kimarekani iitwayo Scout, lakini waliowasha moto ni Waitaliano na bahari ilikuwa yetu. Kwenye makaratasi jina lake lilikuwa refu na kavu. Kwa heshima ya siku ile na ya wenyeji, mhandisi aliyesimamia mradi, Marjorie Townsend, akaiita Uhuru. Ndiyo setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi moja tu ya kutafuta eksirei zinazotoka angani, na orodha yake ya mwisho ilitaja asili 339 za mionzi hiyo. Riccardo Giacconi, mwanasayansi aliyekuwa nyuma ya kazi hiyo, alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002. Hayo yameandikwa sana, na mwenye kuyataka atayapata.

Kisichosimuliwa ni nambari ya siku ile. Wanafalaki wana namna yao ya kuandika tarehe, isiyo na mwezi wala mwaka. Kwao kila siku ina nambari moja tu, na nambari ya kesho ni ya leo ukiongeza moja. Hawajali mfalme gani alitawala, dini gani iliandika kalenda, wala Februari ilikuwa na siku ngapi. Tarehe 12 Desemba 1970 kwao ni siku ya 2,440,933.

Ukiitazama kwa mara ya kwanza, ni nambari isiyo na sura. Mimi pia niliiona hivyo, mpaka nilipoanza kuigawa.

Turudi nyuma kwanza, kwa kuwa watu wa pwani hii walikuwa wakihesabu siku kabla Ulaya haijajua kwamba kuna Malindi.

Katika msitu wa Arabuko, kilomita chache kutoka Watamu, kuna magofu ya Gede. James Kirkman alianza kuyachimba mwaka 1948, na kati ya alivyovikuta ni kaburi lenye mwaka umeandikwa juu yake: 802 wa Hijra. Wageni wanaopelekwa pale huambiwa kwamba huo ni mwaka 1399, wakaridhika, wakapiga picha. Lakini mwaka 802 ulianza tarehe 3 Septemba 1399 na ukaisha Agosti 1400. Zaidi ya nusu yake imo ndani ya 1400. Ukihesabu kama wanafalaki, jiwe lile linatuambia kwamba siku tunayoitafuta iko kati ya 2,232,288 na 2,232,641. Ni siku 354, na jiwe halitaji ni ipi.

Hizo 354 zenyewe zina hadithi. Mwezi hauzunguki kwa siku nzima nzima, kwa hivyo wenye majedwali ya Hijra waliweka mzunguko wa miaka 30, ambamo miaka 19 ina siku 354 na miaka 11 ina siku 355. Jumla ni siku 10,631. Jaribu kuigawa nambari hiyo kwa 2, kwa 3, kwa 7, kwa 13, endelea hadi 103: haikubali. Ni nambari tasa, haina mgawanyo ila kwa moja na kwa yenyewe. Na kwa kuwa haigawanyiki kwa saba, miaka 30 ikiisha mzunguko mpya hauanzi siku ileile ya juma. Inabidi mizunguko saba ipite, yaani miaka 210, siku 74,417, ndipo Muharamu na juma vianze upya pamoja kwa utaratibu uleule. Mwalimu wa chuo anayekuambia mwaka wa Kiislamu unaanguka siku gani bila kutazama karatasi anabeba kichwani utasa wa 10,631, hata kama hajapata kuusikia ukiitwa hivyo.

Miaka 99 hivi baada ya kaburi la Gede, merikebu tatu za Wareno zilitia nanga mbele ya Malindi. Vasco da Gama alikuwa ametoka Mombasa kwa shari. Shajara ya safari ile, inayodhaniwa kuwa ya Álvaro Velho, inataja siku ya juma karibu kila mahali, na hilo ni jambo la bahati kwetu, maana siku ya juma ni shahidi anayeweza kuhojiwa. Wareno walifika jioni ya tarehe 14 Aprili 1498, na kesho yake, tarehe 15, ilikuwa Pasaka. Siku hiyo ya Pasaka ni ya 2,268,307 kwa hesabu ya wanafalaki. Kwa jedwali la Hijra ilikuwa tarehe 22 Shaaban 903, maana yake wenyeji wa Malindi walikuwa na wiki moja tu kabla ya mwezi wa Ramadhani.

Sasa gawa 2,268,307 kwa saba. Inabaki 6.

Hapa ndipo Kiswahili kinapopata raha yake. Siku zetu za juma ni nambari: Mosi, Pili, Tatu, Nne, Tano. Hesabu ya wanafalaki imeangukia kwamba siku isiyobakisha kitu ikigawanywa kwa saba ni Jumatatu. Basi kanuni kwa Mswahili ni fupi mno: chukua kinachobaki, ongeza tatu, ikizidi saba toa saba. Unachopata ni jina la siku. Sita na tatu ni tisa, toa saba, mbili: Jumapili. Pasaka ni Jumapili, na shajara imesema kweli. (Ukipata sita ni Alhamisi na saba ni Ijumaa. Alhamisi kwa Kiarabu ni siku ya tano, kwa hivyo juma letu lina tano mbili, moja ya Kibantu na moja ya Kiarabu, zimekaa jirani bila kugombana.)

Mfalme wa Malindi aliwapa wageni rubani wa kuwavusha hadi Bara Hindi. Kwa muda mrefu ilisemwa kwamba rubani huyo ni Ahmad ibn Majid, baharia mkubwa wa Oman, na wako wanaosema hivyo hadi leo. Wanahistoria wengi hawakubali tena: vitabu vya Wareno wenyewe vinamtaja Mgujarati, vikimwita Malemo, ambalo si jina bali ni neno maalim lililokwama katika ulimi wa Kireno. Waliondoka Malindi Jumanne, tarehe 24 Aprili, siku ya 2,268,316. Gawa kwa saba, inabaki 1. Ongeza tatu, Jumanne. Waliona milima ya Bara Hindi Ijumaa, tarehe 18 Mei, siku ya 2,268,340. Ishirini na nne tu. Wakati wa kurudi walibishana na upepo: waliondoka kisiwa cha Anjediva tarehe 5 Oktoba na hawakuiona Afrika hadi tarehe 2 Januari 1499, siku 89 baharini, watu wakifa kwa ugonjwa wa fizi. Walitia nanga tena Malindi Jumatatu, tarehe 7 Januari, siku ya 2,268,574, ambayo ukiigawa kwa saba haibakishi kitu. Kwenda walipewa rubani aliyejua siku ya kung'oa nanga. Kurudi waling'oa walipotaka wao.

Na rubani aliijuaje siku? Kwa kuhesabu, lakini si kwa kalenda ya mwezi. Mwaka wa Hijra hutangulia misimu kwa siku kumi na moja hivi kila mwaka, nao kusi na kaskazi hawaufuati. Mabaharia wa bahari hii walikuwa na mwaka wao wa jua, Nairuzi, wa siku 365 kamili. Ibn Majid katika vitabu vyake hutaja nyakati za safari kwa nambari ya siku ya Nairuzi, bila jina la mwezi: siku ya mia na kadhaa, ya mia tatu na kadhaa. Waswahili waliuita mwanzo wake Siku ya Mwaka, na siku zenyewe walizigawa kumikumi, kila kumi ikaitwa mwongo. Miongo thelathini na sita ni siku 360, zinabaki tano za kufungia mwaka. Vijana wa leo wakisikia mwongo hudhani ni miaka kumi tu. Babu zao waliopanda mtama na kushusha jahazi majini walikuwa wakihesabu siku.

Nairuzi haina mwaka mrefu. Jua linahitaji siku 365 na karibu robo, na ile robo huachwa ipotee, hivyo Siku ya Mwaka hurudi nyuma siku moja kila miaka minne. Ukiamini robo kamili, kama kalenda ya Julius Caesar ilivyoamini, itachukua miaka 1,460 ya kalenda hiyo kuzunguka misimu yote na kurudi ilikoanzia, na kwa muda huohuo Nairuzi itakuwa imehesabu miaka 1,461. Siku ni zilezile: 533,265. Zizidishe kwa njia yoyote kati ya hizo mbili.

Nyuma ya pwani, katika makaya ya Mijikenda kutoka Rabai hadi ng'ambo ya Malindi, kulikuwa na juma jingine, la siku nne. Siku ya nne ni Jumwa, jembe hupumzika. Wasichana waliozaliwa siku hiyo wakaitwa Jumwa, na jina hilo liko hai Kilifi nzima, hata kwa watu ambao hawajapata kuihesabu Jumwa yenyewe. Juma la nne halikuwa na kitabu wala mnara, lakini lilikuwa na nguvu moja ambayo kalenda kubwa hazina: anayeijua Jumwa moja kwa hakika anazijua zote, za nyuma na za mbele, kwa kugawanya kwa nne tu.

Basi mtu aliyekuwa akiishi kati ya Kilifi na Malindi alikuwa na majuma mawili mkononi, la nne na la saba. Yakianza pamoja leo, yatakutana tena baada ya siku 28, kwa kuwa nne na saba hazina kigawanyo cha pamoja. Tia na Nairuzi: 365 ni 5 mara 73, nayo haina kigawanyo cha pamoja na 28. Kwa hiyo Jumwa ileile, Ijumaa ileile na Siku ya Mwaka havikutani tena mpaka zipite siku 10,220, yaani Nairuzi 28 kamili. Hesabu hii nimeifanya mwenyewe. Sijaikuta kwa mzee wala kitabuni, lakini vifaa vyake vyote vilikuwa hapa.

Nimeitaja kwa sababu ya Mfaransa mmoja. Mwaka 1583 Joseph Scaliger alichapisha kitabu kikubwa cha kupatanisha kalenda zote alizozijua. Alichukua mzunguko wa jua katika kalenda ya Julius, miaka 28, ambao unatokana na juma la siku saba kuzidishwa kwa miaka minne ya mwaka mrefu. Akachukua mzunguko wa mwezi, miaka 19. Akachukua na mzunguko wa kodi wa Kirumi, miaka 15. Akazidisha: 28 mara 19 mara 15, miaka 7,980. Kisha akarudi nyuma kutafuta mwaka ambao mizunguko yote mitatu ilianza siku moja, akaukuta 4713 Kabla ya Kristo. Kutoka mwanzo huo, katika karne ya kumi na tisa, John Herschel wa Uingereza akapendekeza zihesabiwe siku badala ya miaka. Hapo ndipo zilipotoka milioni mbili na ushei zinazobandikwa juu ya Malindi yetu. Na kiini cha kazi ile, ishirini na nane, ni nne mara saba. Mmijikenda mwenye jirani Mwislamu angeitambua.

Scaliger hakuchapisha wakati wa utulivu. Mwaka mmoja kabla, Papa Gregory XIII alikuwa amefuta siku kumi. Huko Ureno na penginepo, Alhamisi ya tarehe 4 Oktoba 1582 ilifuatwa na Ijumaa ya tarehe 15 Oktoba. Wakati huo nahodha mkuu wa Wareno katika pwani hii alikuwa na makao yake papa hapa Malindi. Mombasa walihamia mwaka 1593, ujenzi wa Ngome ya Yesu ulipoanza. Amri ile haikuweza kufika siku hiyo, maana kutoka Lisbon ni miezi baharini, na mtu aweza kumwazia Mreno wa Malindi akiendelea kuandika tarehe 5, 6, 7 za mwezi ambazo kwao zilikuwa zimefutwa. Kwa Waislamu waliokuwa jirani zake hakuna kilichotokea: kwa jedwali ilikuwa 16 Ramadhani 990, ikaja 17. Kwa wanafalaki nako shwari. Ilikuwa siku ya 2,299,160, ikaja siku ya 2,299,161.

Hesabu ya wanafalaki ilikaa kwenye vitabu vya wataalamu kwa muda mrefu, hadi Warusi waliporusha Sputnik mwaka 1957. Wamarekani wa Smithsonian waliokuwa wakiifuatilia kwa kompyuta waliona nambari ni ndefu mno kwa mashine za siku zile, wakakata 2,400,000 na nusu kutoka mbele yake. Kwa ufupisho huo, siku ya Uhuru ilianza kama 40,932. Mimi napenda nambari nzima, kwa sababu ambayo naifikia sasa.

Chukua 2,440,933. Iko njia ya zamani ya kujua kama nambari inagawanyika kwa kumi na moja: anza kulia, chukua tarakimu moja, toa inayofuata, ongeza ya tatu, toa ya nne, hivyo hivyo hadi mwisho. Ukipata sifuri au 11 au kizidishi chake, inagawanyika. Hapa: 3 toa 3, ongeza 9, toa 0, ongeza 4, toa 4, ongeza 2. Jibu 11. Inagawanyika, na unapata 221,903. Rudia juu ya hiyo: 3 toa 0, ongeza 9, toa 1, ongeza 2, toa 2. Jibu 11 tena. Inagawanyika mara ya pili, na unapata 20,173. Hapo mlango unafungwa. 20,173 ni nambari tasa. Nimeijaribu kwa kila nambari tasa hadi 139, jioni nzima, na chai ikapoa. Kwa hiyo siku ya Uhuru ni 11 mara 11 mara 20,173, na katika nambari zote zilizo chini yake zinazoigawanya bila kubakisha ni tano tu: 1, 11, 121, 20,173 na 221,903.

Sasa lete juma la Jumwa. Gawa 20,173 kwa nne: inabaki 1. Siku ya Krismasi mwaka 1640, Mfaransa Pierre de Fermat alimwandikia barua padri Mersenne akidai kwamba kila nambari tasa inayobakisha moja ikigawanywa kwa nne huweza kuandikwa kama jumla ya miraba miwili, na kwa namna moja tu. Zinazobakisha tatu haziwezi kabisa. Uthibitisho hakuuacha; Euler ndiye aliyeutoa karne iliyofuata. Tukimwamini Fermat, 20,173 lazima iwe na miraba yake. Mara nyingi kuitafuta ni kazi ya kuchosha. Hii haikunichukua dakika mbili: 142 mara 142 ni 20,164, na zinazopungua ni 9, mraba wa 3. Rudisha ile 11 pande zote mbili, 142 inakuwa 1,562 na 3 inakuwa 33. Mraba wa 1,562 ni 2,439,844. Mraba wa 33 ni 1,089. Zijumlishe ni 2,440,933 sawasawa, na hakuna jozi nyingine ya nambari nzima inayofanya hivyo.

Pasaka ya Da Gama, 2,268,307, haina bahati hiyo. Inabakisha tatu kwa nne, na nambari yoyote inayobakisha tatu kwa nne, iwe tasa isiwe tasa, haipati miraba miwili. Sababu ni nyepesi hata kwa mtoto wa darasa la nane: mraba wa nambari shufwa haubakishi kitu kwa nne, wa nambari witiri hubakisha moja, na huwezi kupata tatu kwa kujumlisha vitu viwili ambavyo kila kimoja ni sifuri au moja. Mkulima wa kaya aligawa kwa nne ajue jembe lipumzike lini, Fermat akagawa kwa nne ajue nambari imejengwa kwa miraba ama la. Kitendo ni kilekile.

Nilijaribu na siku ya uhuru wenyewe, tarehe 12 Desemba 1963. Ni siku ya 2,438,376. Kwa saba inabakisha 3. Ongeza tatu, sita, Alhamisi, na ndivyo ilivyokuwa. Miraba miwili haina. Lakini inagawanyika kwa 24 bila kubakisha, kama saa za siku. Kati yake na Uhuru ya Ngomeni ziko siku 2,557, na hiyo nayo ni nambari tasa.

Iko dosari moja katika yote niliyoyasema, na ni afadhali niitaje mwenyewe kabla msomaji mkali hajaitaja. Siku ya wanafalaki haianzi usiku wa manane. Inaanza adhuhuri ya Greenwich, ili anayetazama nyota usiku asibadilishiwe tarehe kazini. Adhuhuri ya Greenwich ni saa tisa alasiri kwetu. Roketi ya Scout iliondoka dakika chache kabla ya saa nane mchana. Kwa hiyo, ukiwa mkali kama mizani ya sonara, moto ulipowashwa siku iliyokuwa ikiendelea ilikuwa bado 2,440,932, ile iliyoanza alasiri ya Ijumaa. Hiyo inagawanyika kwa tatu mara moja tu, na nambari ya namna hiyo haina miraba miwili.

Nambari yenye miraba iliingia saa moja na ushei baadaye, setilaiti ikiwa imeshakuwa juu, ikilizunguka tumbo la dunia. Kisha jua likachwa nyuma ya Malindi, na kwa kalenda ya tatu, ambayo siku yake huanza magharibi, ikawa usiku wa Jumapili: tarehe 13 Mfunguo Mosi 1390 imetoka, ya 14 imeingia. Watu wa Ngomeni walikuwa wamepitia mianzo mitatu ya siku tangu usiku wa manane, wa serikali, wa wanafalaki na wa adhana.

Ukitaka ya kwako, chukua kalamu. Tarehe 1 Januari 1970 ni siku ya 2,440,588. Hesabu siku kutoka hapo hadi siku uliyozaliwa, ujumlishe, au utoe kama wewe ni mkubwa kuliko hapo. Gawa kwa saba uone kama wazazi walikuambia kweli. Kisha gawa kwa nne. Ikibaki tatu, usijisumbue kutafuta miraba.